San Andreas niliianza kibandani 2006, nimeimaliza juzi: uzi wa magemu ya kucheza peke yako

Mgosi wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Tanga mvua inapiga tangu alfajiri, bandarini hakuna meli yetu mpaka kesho, na mimi nina kahawa na kashata. Nashusha ule uzi niliouahidi.

Masharti mawili. Moja, naongelea magemu yenye stori ambayo nimeyamaliza mpaka majina ya waliotengeneza yakapita. Gemu uliloliacha njiani huna haki ya kulisema. Ni sawa na mtu aliyeondoka harusini kabla ya pilau halafu kesho yake anasimulia chakula. Mbili, natoboa stori. Hutaki kujua nani anakufa, pita kushoto.

Vifaa: laptopu ya mtumba yenye kadi ya grafiki ya wastani, pedi ya waya, na feni ya mezani ninayoielekeza kwenye kibodi, maana joto letu hili na laptopu ni mtu na mke mwenza. Chaja inakula wati 150, kwa hiyo karibu saa saba za kucheza ni uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Tangu nipige hesabu hiyo nayapima magemu kwa uniti. Kwa bahati mbaya na mke wangu kaijua hiyo hesabu.

Naanza na San Andreas, yaani *Grand Theft Auto: San Andreas*, kwa sababu ndiyo deni la zamani.

2006 nilikuwa darasa la sita. Ngamiani, zile barabara za namba, kulikuwa na kibanda cha gemu: TV nne za chogo, PS2 nne, na pazia la kitenge mlangoni ili mwanga usiingie na mama zetu wasituone. Nusu saa shilingi mia mbili. TV tatu zilikuwa za mpira, hizo foleni yake mpaka ngumi. Ya nne ilikuwa kwenye kona, mbele ya kreti la soda lililogeuzwa kiti. Hiyo ndiyo ya CJ, kijana unayemchezesha kwenye San Andreas.

Shida ilikuwa memori kadi, ile ya kuhifadhi ulipofikia. Mwenye kibanda alisema hana. Tulimuuliza mwaka mzima, jibu moja: "Imeungua." Kwa hiyo kila mwenye mia mbili yake anaanza mwanzo. Kila siku mama yake CJ kafa upya, kila siku Tenpenny, polisi mla rushwa, anamshusha CJ mtaa wa maadui, kila siku unaokota baiskeli unakanyaga kurudi Grove Street, mtaa wa kwao. Nimekanyaga ile baiskeli nadhani Tanga mpaka Korogwe, kwenda na kurudi. Kwenye misheni ya kufukuza treni nilifika mara mbili tu utoto wangu wote: Big Smoke, rafiki yake CJ, yuko nyuma ya pikipiki anapiga risasi anakosa, treni inaondoka, halafu lawama kwako wewe dereva. Ukitaka kujaribu tena, pazia linafunguliwa. Muda.

Na lile daraja. Ukilivuka kabla stori haijakuruhusu, zinawaka nyota nne za kusakwa na polisi wanakumaliza. Sisi tuliamini ng'ambo ya pili hakuna kitu, ramani imeishia pale, na polisi wamewekwa ili usigundue. Kumbe ramani ina miji mitatu na jangwa! Tulikaa miaka kwenye chumba kimoja cha nyumba tukidhani ndiyo nyumba yote.

Basi mwaka huu nimelinunua la kompyuta kwenye punguzo, nikaapa simalizi mwaka bila kulimaliza. Kilichonitesa si treni. Treni ukiwa mtu mzima ni dakika tano: kaa mbali na mabehewa upande wa kulia, mpe Smoke nafasi ya kulenga, basi. Kilichonitesa ni chuo cha urubani kule jangwani. Kila somo unatakiwa upate asilimia 70 ndipo lipite. Kuna somo la kuzunguka na kutua: unashusha matairi, unapunguza moto, ndege inagusa lami, unapumua, skrini inakuandikia 68. Unarudia. 69. Usiku wa pili nilikuwa natua na ulimi nje kama mtoto anayeandika. Nilipopata 74 nilipiga meza mpaka kahawa ikamwagika.

Mwisho wake je? Tenpenny hafi kwa risasi ya CJ. Anakimbia na gari la zimamoto, linaanguka kutoka darajani, anakufa mwenyewe pale pale karibu na nyumbani kwao CJ. Ningekuwa na miaka kumi na miwili ningesema nimedhulumiwa. Sasa hivi nikaona sawa kabisa. Yule mtu alimtawala CJ gemu zima, na mwisho wanasimama wanamtazama tu, mchafu, kalala kwenye lami. Majina yakaanza kupita. Saa nane usiku. Nikatafuta wa kumwambia, nikakuta mke kalala, mtoto kalala, paka ndiye alikuwa macho.

Upigaji risasi wake umezeeka, na ile misheni ya kindege cha rimoti cha Zero, yule mwenye duka la midoli, aliyeibuni ashtakiwe. Lakini mazungumzo bado yana chumvi. Uniti tano.

Fundi Laptopu

Nakazia kwa Zero. Mafuta yanaisha wewe unaongeza spidi, ukipunguza spidi unaanguka. Mimi niliishia kumwomba mdogo wangu, akapita mara ya kwanza, sikumsemesha siku mbili.

Mkuu hebu taja na magemu ya laptopu za kawaida. Wengine hatuna hata hiyo kadi ya grafiki.

Chungwa la Muheza

Darasa la sita una kreti la soda? Nyie wa mjini mlidekezwa. Sisi tulikaa kwenye tofali.

Mgosi wa Makorora

Fundi, linakuja sasa hivi, na ndilo bora kuliko yote kwenye uzi huu. *Return of the Obra Dinn*, la 2018. Halihitaji grafiki kwa sababu halina rangi: nyeusi na nyeupe tu, vidoto vidoto kama picha ya gazeti la zamani ukiisogeza karibu na jicho. Kalitengeneza mtu mmoja, Lucas Pope, yule yule wa *Papers, Please*.

Mniwie radhi, hapa nitakaa kidogo, maana limenigusa kikazi. Mimi mkate wangu ni karatasi za meli. Leo Tanga meli zinafunga gatini, lakini wazee wa ofisini wanakumbuka zilivyokuwa zikitia nanga nje, mizigo ikiletwa kwa matishari, na karani anapelekwa kwa boti na faili kwapani. Gemu linaanza hivyo hivyo. Mwaka ni 1807. Meli ya Kampuni ya India Mashariki ilitoka London 1802, ikapotea, sasa imeonekana yenyewe nje ya Falmouth bila mtu hai hata mmoja. Wewe ni mkaguzi wa bima. Unaletwa kwa kamtumbwi, mpiga kasia amenuna anataka kurudi, nawe unapanda ngazi na kitabu.

Kitabuni kuna orodha ya majina ya watu 60 na kazi zao, na michoro ya sura zao. Basi. Hakuna anayekwambia sura ipi ni jina lipi. Unayo saa ya mfukoni: ukiifungua mbele ya mifupa, skrini inakuwa giza, unasikia sekunde za mwisho za yule marehemu, mtu anapiga kelele, kitu kinavunjika, mlio mmoja, kimya. Halafu unaingia ndani ya ile nukta aliyokufa, kila kitu kimeganda, risasi iko hewani, nawe unatembea katikati yao kuwachungulia. Kisha unajaza: huyu ni nani, alikufaje, nani alimuua. Kitabu hakikwambii umepata mpaka uwe umepata watatu kwa pamoja. Kwa hiyo kubahatisha hakukusaidii, kunakupoteza.

Nilichukua daftari la hesabu la mtoto nikaandika mimi mwenyewe. Mabaharia wanafanana, lakini wanalala kwenye machela zenye namba, na orodha nayo ina namba. Kuna sehemu wamelala wamejifunika gubigubi, kilichobaki nje ni miguu tu, nikawatambua kwa soksi na viatu! Kuna niliyemjua kwa lafudhi, kuna niliyemjua kwa sababu kila picha anasimama karibu na fundi seremala, nikasema huyu ni msaidizi wake, siwezi kukosea, msaidizi hakai mbali na bosi. Nikakumbuka kijana wetu mmoja wa ofisini.

Hiyo ndiyo raha niliyoikosa kwenye magemu yote makubwa. Hakuna mshale wa njano unaokuonyesha pa kwenda. Ukijua, umejua kwa macho yako.

Kasoro: muziki unapiga kelele kila kifo, na ukishalimaliza limekufa, huwezi kulicheza tena mpaka upoteze kumbukumbu. Lakini ni saa kumi tu. Gemu la waja leo waondoka leo, kama mji wetu. Uniti moja na nusu, na kwa laptopu ya Fundi hata hiyo haifiki.

Fundi Laptopu

Nimeelewa. Ila kuhesabu mizoga tu hakuna kupigana, mgosi? Mimi nitasinzia.

Mgosi wa Makorora

Utasinzia mpaka ufike kwenye sura ya yule mnyama wa baharini. Sisemi zaidi.

Haya, sasa hapa najua nitatukanwa. *Red Dead Redemption 2*.

Miaka yote mnanipigia kelele kwamba ndilo gemu bora duniani. Nimelicheza uniti tisa. Saa thelathini za kwanza nilikuwa nalichukia. Kila kitu polepole! Kufungua droo moja ni kazi, kuchuna ngozi ya mnyama ni kazi, ukitaka kutembea haraka kambini linakukatalia, unatembea kama bwana harusi. Farasi unampiga brashi, bunduki unaisafisha kwa mafuta, ndevu zinaota unakwenda kunyoa. Nikasema mimi nyumbani nina vyombo havijaoshwa, nije huku tena kufanya usafi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hapa mgeni ndiye mimi na jembe nimepewa siku ya kwanza.

Na ramani yenyewe, ukiondoa ya stori, imejaa vya kuokota. Mifupa, vikadi vya sigara, maua. Huu ugonjwa magemu makubwa mengi wanao: wanaona haya kukuachia ukae bila kazi.

Halafu ikaja sura ya sita.

Kwa wasiojua: mwaka ni 1899, Arthur Morgan ni jambazi wa genge la Dutch. Mwanzoni kabisa anatumwa kudai deni kwa mkulima mmoja maskini, Thomas Downes. Anampiga, yule mtu anamkoholea usoni. Unaendelea na mambo yako, unaiba, unawinda, unasahau. Zinapita saa arobaini. Ndipo Arthur anaanguka mjini Saint Denis, daktari anamwambia ni kifua kikuu. Na mimi nikakumbuka kile kikohozi, nikarudisha kiti nyuma. Ile misheni haikwepeki, stori haisogei bila hiyo, na bado nilijiona mimi ndiye niliyempeleka.

Kuanzia pale upole wote wa gemu ukapata maana. Arthur anakonda, sura inabadilika, anakohoa katikati ya mazungumzo, na mimi niliyekuwa nalalamika polepole sasa nikawa sitaki amalize. Farasi wangu niliyempiga brashi kwa manung'uniko alipigwa risasi kwenye ile mbio ya mwisho, Arthur akapiga magoti kumshukuru. Nilikuwa nimempa jina la punda wa babu yangu. Sitasema zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Red Dead ni gemu la uniti nne lililovaa kanzu ya uniti tisa. Ile stori ikikatwa vya kuokota ingekuwa haina mpinzani.

Bint Raskazone

Kaka Mgosi, shikamoo kwanza, najua umenizidi. Mimi ni muuguzi. Arthur alivyoanza kukohoa vile, na kukonda, mimi nilishamwandikia vipimo vya makohozi kabla ya huyo daktari wa Saint Denis. Nilimwambia mdogo wangu kwa sauti, "Huyu ana TB."

Kinachouma ni miaka. Kimelea chake Koch, daktari Mjerumani, alikitambua 1882, kwa hiyo 1899 daktari anajua kabisa mgonjwa wake ana nini. Dawa ya kwanza ya kukiua, streptomycin, ikaja kupatikana 1943. Arthur kaumwa katikati, kipindi ambacho wanakijua ugonjwa ila mkononi hawana kitu. Leo ni dawa miezi sita, umezimeza zote, unarudi shambani. Daktari wa gemu anamwambia apumzike, ahamie kwenye joto na hewa kavu. Ndicho walichokuwa nacho. Nilivyoisikia nikajisemea huyo daktari hanidanganyi, kweli ndivyo walivyokuwa wakiwaambia.

Ila kuhusu polepole nakupinga. Wewe ulitaka ukimbie. Ungekimbia usingempenda yule farasi.

Chungwa la Muheza

Dada kamaliza. Mimi gemu fupi nalionea uchungu hela yangu. Kama nimenunua nataka nile mpaka nikombe sufuria. Saa kumi? Mimi saa kumi bado nachagua sura ya mchezaji.

Mgosi wa Makorora

Marahaba dada. La farasi nimelimeza, lina ukweli wake. Chungwa wewe unanunua gemu kama mtu anayenunua kitambaa, unauliza mita ngapi.

*Ghost of Tsushima* sasa. Hili nitalipita haraka kwenye mapigano, maana kila mtu anajua ni mazuri: unasimama, adui anakuja, unasubiri, pigo moja. Na upepo. Badala ya mshale kwenye skrini, unaita upepo, majani na manyasi yanalala upande wa kule unakokwenda. Sisi wa pwani tunaoishi kwa kusi na kaskazi hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwanangu wa miaka mitano alilishika kabla yangu: "Baba, upepo unakwenda kule."

Ninachotaka kusema ni mjomba.

Jin Sakai, samurai unayemchezesha, baba yake kafa, amelelewa na bwana Shimura. Nimesoma maelezo mengi mitandaoni, watu wanamwita kama vile ni mkubwa yeyote wa ukoo. Hapana wakuu, Shimura ni mjomba, upande wa mama. Mimi Mdigo. Kwetu tangu enzi, mali ya mtu ilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Mjomba ndiye mwenye wewe. Sasa huyu Shimura hana mtoto, anaomba kwa wakubwa wake amfanye Jin mwanawe rasmi na mrithi wa nyumba yake. Na Jin huku, ili awashinde Wamongolia walioingia kisiwani 1274, anachoma watu visu kwa nyuma, anawatilia sumu kwenye vinywaji, yote yale mjomba aliyomkataza akiwa mtoto. Kila ukiwa gizani unanyata, inakuja kumbukumbu ya mjomba anafundisha: adui mtazame machoni.

Mwisho wanapigana, mjomba na mpwa, chini ya mti wa majani mekundu. Mjomba ametumwa na serikali kumuua. Ukimshinda unapewa uchague: umuue kama anavyoomba, afe na heshima yake, au umwache hai, ajue ataamka kesho akutafute tena. Niliweka pedi chini, nikaenda barazani kunywa maji. Nikamwacha hai. Kaka yangu alicheza, yeye alimuua, na tukagombana kweli kweli siku ya Idi mbele ya sahani. Anasema mimi nimemdhalilisha mzee. Mimi nasema mkono hauinuki kwa mjomba. Mama aliuliza mjomba yupi, tukashindwa pa kuanzia.

Kwenye vya kuokota hili nalo lina dhambi. Nikimwona mbweha mwingine ananipeleka kwenye hekalu dogo namfukuza. Uniti saba.

Mkonge Mbichi

Kwa kuongezea: Tsushima ni kisiwa cha kweli Japani, na wale wakurugenzi wawili wa gemu walipewa ubalozi wa utalii wa kisiwa. Kimbunga kilipoangusha lango la hekalu moja kule, wachezaji nao wakachangia kulisimamisha.

Sasa niulize. Novemba 1914, Waingereza wanashusha askari kutoka India hapa hapa Tanga, wako mara nyingi zaidi ya Wajerumani na askari wao, wanaingia mjini kupitia vichakani, nyuki wanawatokea, watu wanatimua mbio mpaka baharini. Waingereza wakaacha na bunduki. Hiyo tayari ni misheni imeandikwa! Nani anangoja nini?

Fundi Laptopu

Bosi wa kwanza: mzinga.

Chungwa la Muheza

Na silaha ya kwanza moshi wa makuti.

Mgosi wa Makorora

Nitalinunua siku hiyo hiyo, bei yoyote.

La mwisho kwenye orodha ni *Tales of Kenzera: ZAU*, la 2024. Hili wengi hamlijui na nawasikitikia, kwa sababu moja tu: linaongea Kiswahili. Si maandishi ya chini. Sauti.

Kalibuni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye sauti ya Bayek kwenye *Assassin's Creed Origins*. Alifiwa na baba yake 2013, na gemu lote ni msiba huo. Kijana anaitwa Zuberi, jina la kwetu kabisa, kafiwa na baba, anafungua kitabu alichoachiwa. Ndani ya kitabu ndimo mnacheza: Zau, nganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba atamletea mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba. Unavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, unavibadilisha katikati ya ugomvi: jua kwa karibu, mwezi kwa mbali.

Niliweka sauti ya Kiswahili saa mbili usiku, mama yupo kwa wiki ile, anachambua mchele sebuleni. Kwa kawaida nikicheza yeye husema "punguza hayo makelele". Safari hii ungo ukasimama. Akasikiliza. Akauliza, "Huyo mtoto anamtaka baba yake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na huyo mwingine si amwambie tu kwamba mtu akifa harudi." Akavuta kiti. Baba yetu ametutoka miaka minne iliyopita, na hatukuwahi kukaa kumwongelea vizuri. Zau akawa anaruka kwenye miamba, mama ananisimulia baba alivyokuwa akiendesha baiskeli kutoka Pongwe na gunia la nazi nyuma. Nilianguka mashimoni mara nyingi sana usiku ule kwa sababu sikuwa naangalia skrini.

Kama gemu tu, si kamilifu. Mapigano yanajirudia, maadui ni wale wale, kuna sehemu za kukimbizwa ambazo kosa moja unakufa unarudia tangu mwanzo. Mkicheza kwa Kiingereza mtalipa alama saba mtaliacha. Mimi siwezi kulipa alama. Uniti haikufika hata moja na robo.

Bint Raskazone

Nimeenda kulitafuta sasa hivi. Asante kaka.

Mbona *The Last of Us Part II* hulisemi? Lile la 2020. Unamlilia Joel, shujaa wa gemu la kwanza, halafu unafika nusu wanakukabidhi yule yule aliyemuua, umcheze yeye, umlishe, umkimbize, mpaka unashtuka huna tena hamu ya kumwona anakufa. Nilichukia siku tatu, ya nne nikaelewa.

Mgosi wa Makorora

Lile bovu. Walivyomuua Joel kwa kijiti cha gofu mimi nilizima.

Bint Raskazone

Ulilimaliza?

Mgosi wa Makorora

...

Bint Raskazone

Pilau, kaka. Uliondoka kabla ya pilau.

Chungwa la Muheza

Hahahaaa, kanywe maji mgosi.

Mgosi wa Makorora

Nimekubali. Nafuta kauli. Nitalirudia mwezi ujao, Mungu akijalia uniti.

Fundi Laptopu

Kwa wenye laptopu dhaifu naongeza *Hollow Knight*. Timu ya watu wachache kutoka Adelaide, Australia, 2017. Kidudu chenye msumari kwa upanga. Ukifa unaacha hela zako pale ulipofia pamoja na kivuli chako, lazima urudi umpige mwenyewe ndipo akurudishie. Lile la pili, *Silksong*, wametusubirisha tangu 2019, likatoka Septemba 2025, na siku hiyo maduka ya mtandaoni yakaanguka kwa watu. Langu bado nipo katikati, kwa hiyo kwa sheria za uzi huu nakaa kimya.

Nyota Nne

Habari za humu. Mimi msomaji tu, sijawahi kuchangia, nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi.

Mgosi, kile kibanda pazia lake lilikuwa kitenge cha bluu chenye picha za feni?

Mgosi wa Makorora

Feni za njano. Wewe nani?

Nyota Nne

Mwenye kibanda ni baba mdogo wangu. Nilikuwa nalala pale usiku kulinda mashine. Sasa ni duka la wakala wa kutuma pesa, TV aliziuza zote.

Ndugu yangu, kuna jambo limenikaa. Memori kadi haikuungua. Ilikuwa kwenye droo, chini ya daftari la madeni. Baba mdogo aliificha kwa sababu mkisevu mngemaliza mapema, na mkimaliza hamrudi. Nilikuwa naichomeka mkishaondoka, nacheza mpaka adhana ya alfajiri, narudisha.

Mgosi wa Makorora

Miaka yote hii.

Miaka yote hii, mgosi!

Chungwa la Muheza

Uzi umekuwa kesi.

Mgosi wa Makorora

Haya niambie. Ulivuka daraja?

Nyota Nne

Nilivuka. San Fierro, mpaka jangwani.

Mgosi wa Makorora

Ukamaliza?

Nyota Nne

Niliishia chuo cha ndege. 69.